Maji yako chini ya kiwanja changu, kibali cha nini?

Nusu ya barua za mwezi huu ni za visima. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zote, kwa sababu swali lake nimeulizwa milangoni mwa watu kwa miaka 31 niliyofanya kazi ya kupima maji ya ardhini, na sijawahi kupata nafasi ya kulijibu nikiwa nimekaa.

*

*Shikamoo Mama. Nina kiwanja Mbweni, hati ninayo, kodi ya ardhi nalipa kila mwaka. Mwaka 2014 nilichimba kisima cha mita 48 kwa pesa zangu, maana bomba lilikuwa halijafika mtaani kwetu. Nina vyumba sita vya kupangisha na bustani ya mchicha, na maji yakibaki nawauzia majirani kwa dumu. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wa bodi ya bonde, ile ofisi inayosimamia maji ya eneo letu, pamoja na mjumbe wetu, wakaniuliza kibali. Sikuwa nacho, wakaniachia fomu. Mama, maji yako chini ya kiwanja changu, mtambo nimeulipa mimi, umeme wa pampu nalipa mimi. Serikali haijaweka hata tone. Kibali cha nini? — Baba wa watoto watatu, Mbweni, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutoe hofu: kuchimba kisima si dhambi, na ulichimba kwa shida ya kweli. Jiji hili lilizoea visima kwenye ukame wa 1997. Mto Ruvu ulishuka, mabomba yakakauka, mitambo ya kuchimbia ikawa inahama mtaa hadi mtaa usiku na mchana. Mimi nilikuwa kwenye moja ya timu hizo. Tulilala kwenye lori. Oktoba 2022 Ruvu ukashuka tena, mgao ukatangazwa, na nyumba zenye visima ndizo zilizonywesha majirani. Sitamsikiliza mtu anayesema visima vya watu binafsi ni uhuni.

Sasa tuje kwenye maneno yako, "chini ya kiwanja changu".

Chukua hati yako uisome. Imeandikwa miaka: 33, au 66, au 99. Hata ardhi unayoikanyaga ni ya umma, nawe umepewa haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Maji nayo yako hivyo hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya 2009, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Si jambo la juzi. Sheria iliyotangulia, Namba 42 ya 1974, ndiyo niliyofundishwa Chuo cha Maji Ubungo, na ilikuwa na msimamo huo huo. Tofauti ni kwamba zamani karatasi hiyo tuliiita "haki ya maji". Mtu akishaipata aliifunga kwenye kasha pamoja na hati ya shamba, akaamini amerithisha wajukuu. Sheria ya 2009 ikaacha neno haki, ikaweka kibali cha kutumia maji. Wapo waliolalamika kwamba wamepunguziwa. Mimi naona neno la pili ni la kweli zaidi, kwa sababu hayo maji hayakai.

Mbweni yenu ni mchanga juu ya udongo wa mfinyanzi, na chini yake mchanga mwingine. Mvua inanyesha huko juu, Bunju, Goba, kwenye miinuko, inazama, halafu inatambaa kwenye mchanga kuelekea baharini polepole kuliko unavyodhani. Maji uliyopandisha kwenye simtanki jana hayakunyesha kiwanjani kwako, tena huenda yalinyesha kabla hujanunua kiwanja. Yalikuwa yanapita. Umeyadaka njiani. Jirani wa chini yako anasubiri yale ambayo hukuyadaka.

Nitakueleza habari ya dada yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa. Jina na mtaa naviacha. Alijenga ufukweni, si mbali na kwako, akachimba mita 36 mwaka 1999. Nilikwenda mwenyewe kupima maji yake na nikaandika kwenye daftari langu: kiwango cha maji mita 9.4 kutoka juu, chumvi kwa kipimo cha umeme (maji yakizidi chumvi, umeme hupita zaidi) 810. Chini ya 1,000 ni maji matamu ya kunywa. Alikunywa maji hayo miaka tisa, akafuga kuku, akauza ndoo kwa wauza samaki. Kisha mtu akanunua kiwanja mita 70 kutoka kwake, akachimba visima viwili virefu kwa ajili ya maboza. Malori yalipanga foleni tangu saa kumi alfajiri. Pampu hazikuzimwa. Mwaka wa pili dada akanipigia simu, akaniambia chai haichanganyiki na maziwa, inakatika. Nilienda na kipimo changu: 2,950. Kiwango kilikuwa kimeshuka hadi mita 10.1. Yaani sentimita 70 tu.

Sentimita 70 zinaonekana ndogo. Lakini pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mchanga, kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kidogo. Hesabu yake inajulikana tangu mwisho wa karne ya 19: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba chini yake kama mita 40 za maji matamu. Geuza hesabu hiyo. Ukishusha juu sentimita 70, chumvi itapanda kutoka chini mita 28. Haipandi siku hiyo hiyo, lakini inapanda. Na ikishaingia kwenye mchanga, hata ukizima pampu zote leo, itachukua miaka ya mvua kuisukuma irudi.

Tulikwenda kulalamika. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine popote kwenye jibu hili. Yule bwana wa maboza naye hakuwa na kibali. Lakini dada pia hakuwa nacho. Kisima chake hakikuwa kwenye daftari la mtu yeyote ila langu, na daftari langu si ushahidi wa ofisi. Kila tulipofika tuliulizwa swali moja: kisima chako kilichimbwa lini, kilitoa maji kiasi gani, na nani anathibitisha kwamba yalikuwa matamu? Mimi nilijua. Nilikuwa nimeyaonja. Hatukuwa na cha kushika mkononi. Dada aliishia kununua maji kutoka kwenye maboza yale yale yaliyomharibia kisima, hadi bomba lilipofika. Nilifanya kazi ya kupima visima vya watu maisha yangu yote, na sikumwambia ndugu yangu aandikishe cha kwake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ukiniuliza kibali cha nini, ndiyo jibu langu. Anayekuja baada yako akiomba kuchimba, bodi inatakiwa itazame kwanza waliopo, na walioko wapewe nafasi ya kusema. Asiye na kibali hayumo kwenye hesabu hiyo. Kibali kinasema unachukua maji kiasi gani na kwa kazi gani, kwa hiyo kinasema pia kwamba kiasi hicho kimeshachukuliwa na hakigawiwi mara mbili.

Kuna wanaosema serikali inataka pesa tu. Ada ipo, na wana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Ningependa kila ofisi ya bonde ibandike ukutani kila mwaka ilichokusanya na visima vya uchunguzi ilivyovipima, yaani visima visivyochotwa, vya kutazamia tu kiwango cha maji. Nimeona visima vya uchunguzi vilivyofungwa kwa kufuli iliyoota kutu, hakuna aliyevifungua kwa miaka. Kukusanya ada bila kupima ni kuwavunjia watu imani. Lakini ubovu wa mkusanyaji haubadilishi jinsi mchanga unavyobeba maji.

Nikupe mfano wa kupima kulivyo na faida. Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, ndiko jiji hilo limekuwa likichota maji yake ya visima tangu likiwa mji mdogo. Wafanyakazi wa maji wa pale waliandika viwango vya visima mwaka baada ya mwaka, na kumbukumbu hizo zikafika miaka 55. Wenzetu waliotutangulia walipaka chaki kwenye utepe wa chuma, wakaushusha kisimani, wakasoma pale chaki ilipolowa. Wataalamu walipoziweka pamoja na kuzichapisha mwaka 2012, waligundua kwamba maji ya pale hayajazwi na kila masika. Miaka mingi yanashuka tu. Yanajazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Nani angejua bila zile tarakimu za chaki? Mtu anayepanga jiji la watu wengi bila kujua hilo angeona kisima kimejaa mwaka mmoja akadhani kitajaa na mwaka ujao.

Sasa fomu yako. Kuchota maji ya kunywa, kupika na kufua nyumbani kwako ni jambo ambalo sheria haikutaka likusumbue, na matumizi ya nyumbani ndiyo ya kwanza kwenye foleni, kabla ya kiwanda, kabla ya shamba kubwa. Baada ya nyumba linafuata hitaji la mazingira yenyewe, mto na chemchemi visikauke. Lakini wewe una vyumba sita vya kupangisha, una bustani, unauza dumu. Hapo umeshatoka kwenye ndoo ya nyumbani, na kisima chako ni cha pampu. Jaza. Ofisi yenu ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, makao yake Morogoro, na Dar es Salaam iko ndani ya bonde hilo. Bara tuna mabonde tisa. Anayesoma haya akiwa Moshi yuko Pangani, bonde la kwanza kufunguliwa ofisi, mwaka 1991. Wa Mwanza yuko Ziwa Victoria. Mpaka wa bonde unafuata maji, haufuati mkoa, kwa hiyo uliza.

Watataka taarifa ya mchimbaji: kina, tabaka alizopita, bomba aliloteremsha, maji yalisimama mita ngapi, na kisima kilitoa lita ngapi kwa saa kilipopimwa. Mtafute aliyekuchimbia. Kama hakuandika chochote, na wengi wa miaka hiyo hawakuandika, mwite mtaalamu apime upya kiwango na uwezo wa kisima, kisha peleka chupa ya maji maabara. Funga dira ya maji kwenye bomba linalotoka kisimani, usingoje kuambiwa. Nunua daftari la kurasa 96. Kila tarehe mosi andika dira inasoma ngapi, na onja maji kabla hujapiga mswaki. Mdomo wa asubuhi unaijua chumvi mapema.

Na andika kiwango cha kweli. Wapo wanaoandika kidogo ili ada iwe ndogo. Siku jirani atakapokuharibia, utalindwa kwa kile kidogo ulichoandika.

*

*Dada yangu, salamu. Mimi ni mjane, naishi Kigamboni upande wa Kimbiji. Nina kisima kifupi cha mita 14, cha pete za zege, nilichoachiwa na marehemu mume wangu. Serikali imechimba visima virefu sana huku kwetu kwa ajili ya maji ya jiji. Naogopa vitanyonya changu. Halafu nataka kujua, serikali yenyewe inaomba kibali kwa nani? — Mama wa Kimbiji*

Dada, pole kwa msiba wa mwenzio, na asante kwa swali la pili, maana ndilo zuri zaidi.

Kuhusu la kwanza: vile visima vya jiji vinakwenda mamia ya mita chini. Cha kwako kinakula maji ya mchanga wa juu. Kati yenu kuna tabaka za mfinyanzi, na mfinyanzi hupitisha maji kwa shida kubwa. Kwa hiyo visitegemewe kukausha kisima chako mwaka huu au ujao kama vile kisima cha jirani cha mita 20 kinavyoweza. Adui wa kisima cha mita 14 ni choo. Pima hatua kutoka kisimani hadi choo cha karibu, chako au cha jirani. Zisipungue mita 30, na choo kiwe upande wa mteremko, si juu ya kisima. Kigamboni inajaa nyumba kwa kasi, na kila nyumba inachimba shimo lake la choo kwanza, kisha inauliza majirani wanakunywa nini.

Lakini sitakuambia ukae ukilala usingizi. Mfinyanzi si sufuria, una mianya, na maji ya chini sana ni ya zamani, hayajazwi haraka. Ndiyo maana swali lako la pili lina uzito. Ndiyo, dada. Mamlaka ya maji ya jiji nayo inaomba kibali kwenye bodi ya bonde, nayo inapangiwa kiasi, nayo inalipa ada ya kutumia maji kama anavyolipa mwenye kiwanda. Chini ya sheria ya 2009 anayetunza maji si yule anayeyauza, na mimi naiona hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Anayeuza maji akiwa ndiye anayejipa ruhusa, hakuna atakayemwambia punguza.

Wewe na majirani zako mna haki ya kuuliza viwango. Mwenyekiti wa mtaa aandike barua kwa bodi: kuna visima vya uchunguzi vifupi Kimbiji? Vinapimwa kila lini? Mwaka huu maji yamesimama wapi, na mwaka jana yalisimama wapi? Barua ikiwa na muhuri wa mtaa hujibiwa. Na wewe anza yako. Funga jiwe kwenye kamba, weka fundo kila mita, shusha kisimani kila tarehe mosi asubuhi kabla hamjachota. Tia alama ya mkaa ukutani. Baada ya misimu miwili ya mvua utakuwa unajua mengi kuhusu mchanga wa Kimbiji kuliko mgeni yeyote mwenye kompyuta.

*

*Mama, heshima yako. Nina miaka 26, tuna mtambo mdogo wa kuchimba visima, sisi vijana wanne, Kibaha. Kazi ipo. Mteja akituita, tunamwita mzee mmoja anayetembea na vijiti viwili vya mpera, vikikutana tunachimba hapo. Wengine wanatuambia tunavunja sheria. Kweli? — Fundi, Kibaha*

Kweli mwanangu, lakini si kwa sababu ya vijiti.

Kuchimba kisima kwa malipo kunataka leseni. Leseni inaangalia mtambo wako, mtu wenu mwenye ujuzi, na kwamba mnaandika taarifa ya kila kisima na kuipeleka. Na mteja naye awe na kibali cha kuchimba kabla hamjawasha injini. Msipokuwa na leseni mnamwachia mteja kisima kisicho na karatasi, halafu baada ya miaka kumi anakuja kuandikia gazeti hili kama yule baba wa Mbweni.

Kuhusu mzee wenu, sitamdharau. Nimefanya kazi na wazee waliojua maji kwa macho: mkuyu umesimama wapi, kichuguu kiko upande gani, nyasi zinabaki kijani mahali gani mwezi wa tisa. Hiyo ni elimu, na mara nyingi nilianzia hapo kabla ya kutandaza nyaya zangu za kupimia. Lakini vijiti vya mpera vinapata maji kwa urahisi Kibaha kwa sababu sehemu kubwa ya Kibaha, ukienda chini vya kutosha, ina maji. Maswali magumu ni mengine: yako mita ngapi, yatatosha lita ngapi, na ukivuka mfinyanzi utakuta matamu au chumvi? Kijiti hakijibu hayo.

Ninachowaomba, hata kabla ya leseni kutoka, ni kitu kimoja. Kila mita mnayochimba, chukueni konzi moja ya udongo unaotoka, muipange chini kwa mstari, mita ya kwanza hadi ya mwisho, mpige picha na mwandike. Mchanga mweupe, mfinyanzi wa kijivu, kokoto. Na mkishavuka mfinyanzi kuingia mchanga wa chini, zibeni kwa saruji nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa shimo pale penye mfinyanzi. Vijana wengi hawazibi, kwa sababu mteja haoni. Basi maji ya juu yenye uchafu wa vyoo yanateremka kwenye mwanya huo hadi kwenye maji safi ya chini, na mtaa mzima unaugua kwa shimo moja. Kosa hilo ndilo linalonifanya nitake leseni kwa kila mwenye mtambo, hata mdogo. Mkaguzi hawezi kuona saruji iliyo mita 20 chini. Anachoweza ni kumjua fundi.

*

*Shikamoo Bibi. Tuko Maji ya Chai, Arusha. Baba yangu anataka kuchimba kisima kwa ajili ya familia na ng'ombe. Wanangu tayari meno yana rangi ya kahawia. Je, tukichimba kirefu zaidi tutapata maji mazuri? — Mama wa mapacha*

Marahaba mwanangu. Msichimbe kwanza. Pimeni kwanza.

Miamba ya Meru ilitoka volkano, na maji yanayopita ndani yake yanayeyusha floraidi, madini ambayo yakizidi ndiyo yanayotia meno rangi hiyo ya kahawia na kuharibu mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Huko kwenu yapo maji yenye mara kadhaa ya hiyo. Kina si dawa: mara nyingine kirefu kina floraidi nyingi kuliko kifupi, kwa sababu maji yamekaa na mwamba muda mrefu. Na kuchemsha hakuiondoi hata kidogo. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Nakuomba uwaambie na majirani, maana kina mama wengi wanachemsha kwa upendo.

Chukua chupa safi, teka maji kwenye visima vitatu vya jirani vyenye vina tofauti, peleka maabara ya maji Arusha. Ni rahisi mara nyingi kuliko kuchimba kisima kisha kukiacha. Ofisi ya Bonde la Pangani ndiyo mtakayoiomba kibali, na waulizeni kabla ya kitu kingine wana matokeo gani ya floraidi ya visima vya eneo lenu. Hiyo ndiyo faida ya kila mchimbaji kupeleka taarifa yake: kisima kibaya cha mtu wa jana kinamwokoa mtu wa leo na mamilioni.

Ng'ombe wavumilie maji ya kisima. Watoto, hasa kabla meno ya ukubwani hayajaota, wapate maji ya kunywa na kupikia yasiyo na floraidi nyingi. Maji ya mvua ya bati, yakikingwa vizuri, hayana tatizo hilo. Ngurdoto, hapo jirani yenu, kuna kituo cha serikali kinachoshughulikia uondoaji wa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchujia. Nendeni mkaone kichujio cha nyumbani kilivyo. Meno ya hao mapacha hayatarudi meupe, mwanangu, lakini mifupa yao bado iko mikononi mwenu.

*

*Mama, tumenunua nyumba Tabata yenye kisima cha zamani, kina harufu, hakitumiki. Tumekifunika kwa bati. Inatosha? — Wapangaji tuliogeuka wenye nyumba*

Haitoshi. Ondoeni bati leo, wekeni kifuniko kizito cha zege kisichoinuliwa na mtoto, kisha mpange kukiziba kabisa. Kisima kilichoachwa wazi ni bomba linaloteremsha maji ya mvua, mafuta na vinyesi moja kwa moja kwenye maji ambayo mtaa wa chini unakunywa.

Msijaze takataka. Nimeona watu wakijaza majani, nepi na matofali yaliyovunjika. Kwanza pulizeni klorini, subirini siku moja. Kisha jazeni mchanga safi na kokoto hadi pale maji yanaposimama, juu yake mfinyanzi ulioshindiliwa, na mita mbili za mwisho ziwe zege. Kama ni kisima cha bomba, fundi ateremshe saruji kwa mpira kuanzia chini kuja juu, asiimwage kutoka juu, itashikia katikati na chini pabaki tupu.

Mkimaliza, andikeni barua ofisi ya bonde: mahali kilipo, kina chake, tarehe mliyokiziba na jina la fundi. Pigeni nakala, moja muiweke pamoja na hati ya nyumba.